Dawa, mazungumzo au mafunzo ya mzazi: mtoto anapougua akili, tuanze na lipi?

"Sista, angekuwa wako ungemfanyaje?"

Swali hili huja mwishoni, mzazi akiwa ameshafika mlangoni na mkono uko kwenye kitasa. Maelezo ameyasikia, karatasi ameipokea, mtoto ametangulia nje. Hapo ndipo anageuka. Ni miaka mingi sasa nauguza watoto na vijana wenye maradhi ya akili, na swali hilo bado hunigusa kila likija, kwa sababu anayeliuliza ameshachoka kutajiwa majina ya tiba. Anataka mtu wa kuchagua naye.

Basi hili ndilo jibu langu kwa urefu. Nitaweka njia tatu bega kwa bega: dawa, tiba ya mazungumzo, na mafunzo ya malezi anayopewa mzazi mwenyewe. Na kuna kosa moja ninaloliona karibu kila wiki ambalo nalitaja mapema: watu huchagua njia kabla ya kuujua ugonjwa. Huyu anaapa, "Mwanangu hamezi dawa za kichwa." Yule anasema, "Maneno hayajawahi kumponya mtu." Kila mmoja ana mtoto ambaye maneno yake yanamfaa, ila huenda si huyo aliyemleta. Dawa inayomtuliza mwenye ADHD, yaani ugonjwa wa kutotulia na kutozingatia, ndani ya saa moja haimwondolei mtoto hofu, na mazungumzo yanayomponya mwenye hofu hayatoshi kwa kijana anayesikia sauti za watu wasiokuwepo.

Kwanza, ni ugonjwa gani?

Mwalimu analalamika kuhusu wavulana watatu wasiotulia darasani. Wa kwanza yuko hivyo tangu ana miaka minne: nyumbani, shuleni, kwa bibi, kila mahali. Anasahau madaftari, anakatiza watu maneno, anapanda kila kinachopandika. Wa pili alikuwa mtulivu hadi mwaka jana. Sasa macho yako ubaoni lakini kichwani anajiuliza mama akipata ajali njiani itakuwaje. Wa tatu alishuhudia baba akimpiga mama. Mlango ukibamizwa anaruka, na usiku haupiti bila jinamizi.

Mwalimu ameona tatizo moja. Hapo kuna ADHD, kuna ugonjwa wa hofu na kuna jeraha la moyo. Ukimpa wa tatu dawa ya wa kwanza, unamwongezea mapigo mtoto ambaye moyo wake unadunda mchana kutwa.

Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nayo hujificha. Mtu mzima mwenye sonona utamwona amepoa. Mtoto au kijana mara nyingi huwa na hasira za karibu, anajibu vibaya, anajifungia chumbani, alama zinashuka. Anaitwa mkorofi, kisha anaadhibiwa kwa ajili ya ugonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "dawa au mazungumzo?", hakikisha umeulizwa haya: lilianza lini, linaonekana wapi na wapi halionekani, nini kilitokea kabla yake, analalaje, anasikia na kuona vizuri? Ukipewa jina la ugonjwa bila kuulizwa hata moja kati ya hayo, omba uchunguzi urudiwe. Una haki hiyo, na mtoto wako anaihitaji.

Njia zenyewe zikoje

Tiba ya mazungumzo ninayoizungumzia hapa ni ile ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliiweka msingi Marekani katika miaka ya 1960, ikaja kurekebishwa kwa ajili ya watoto. Si kumfariji mtoto, wala si kumpa nasaha. Ni mazoezi. Nikueleze kikao kimoja jinsi kilivyokuwa.

Msichana wa miaka tisa hawezi kuachana na mama yake. Ameacha kulala peke yake na shule inamshinda. Tumeshachora naye ngazi ya vidato kumi, kile cha chini ni mama kukaa chumba cha pili, cha juu kabisa ni kulala usiku mmoja kwa shangazi. Siku hiyo tuko kidato cha tatu: mama anatoka nje ya jengo kwa dakika kumi, simu anaiacha mezani kwangu. Mlango ukifungwa namuuliza hofu iko ngapi kati ya kumi. "Nane." Hatuchezi, hatuhesabu ng'ombe, simwambii "usijali". Tunaitazama saa. Dakika ya tatu ni tisa, na machozi yanamtoka. Dakika ya sita ni sita. Dakika ya tisa ananiambia, kwa mshangao, "Nne." Mama aliporudi mtoto hakumkimbilia, alikuwa anaandika namba zake kwenye daftari. Alichojifunza pale hakuna mtu aliyemwambia: hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe usipoikimbia. Vikao vya namna hiyo huwa kati ya 12 na 16, mara moja kwa wiki, na kazi kubwa hufanyika nyumbani katikati ya kikao na kikao.

Mafunzo ya mzazi humshangaza mzazi, maana alimleta mtoto atibiwe na anaambiwa aketi yeye. Gerald Patterson, aliyefanya utafiti wake Oregon, Marekani, alizifuatilia familia ndani ya nyumba zao na akaona mnyororo huu: mama anamwambia mtoto azime televisheni, mtoto anapiga kelele, mama anarudia kwa sauti kubwa zaidi, mtoto anajibwaga chini, mama, aliyechoka tangu alfajiri, anasema "haya, angalia". Kelele zinakoma. Mtoto amejifunza kwamba kelele zinalipa. Mama naye, bila kujua, amejifunza kwamba kukubali kunaleta amani. Kesho wote wawili wataanzia pale walipoishia. Mafunzo huukata mnyororo huo: kucheza na mtoto dakika chache kila siku bila kumwamuru, kusifia jambo kwa jina lake ("umerudisha viatu mahali pake, asante"), kutoa agizo moja fupi badala ya mahubiri, na kuwa na matokeo madogo yanayotekelezwa kila mara. Programu kama Triple P na Incredible Years zimejengwa juu ya msingi huo. Sisemi kwamba mzazi ndiye aliyesababisha ugonjwa. Nasema mzazi ndiye anayekaa na mtoto siku saba za wiki, na mimi nakaa naye saa moja.

Dawa ni neno moja linalofunika vitu vingi mno. Methilfenideti, inayotumika kwa ADHD, huanza kazi ndani ya saa moja, na ile ya kawaida hukatika baada ya saa nne hivi. Fluoksetini na setralini, za sonona na hofu, huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu zake, na hazikatishwi ghafla. Dawa za saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo, ni kundi jingine kabisa. Ukimsikia jirani akisema "dawa za akili zilimharibu mtoto wa fulani", muulize ni dawa gani na ilikuwa ya ugonjwa gani.

Pale palipopimwa ana kwa ana

Kuna tafiti tatu kubwa za Marekani zilizowagawa watoto na vijana kwa kura: wengine dawa, wengine mazungumzo, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake. Namba zifuatazo ni watoto kwa kila 100 waliofanikiwa baada ya wiki 12, zikiwa zimefupishwa hadi namba nzima iliyo karibu.

| Ugonjwa | Vyote viwili | Mazungumzo tu | Dawa tu | Kidonge tupu |
|---|---|---|---|---|
| Hofu (2008) | 81 | 60 | 55 | 24 |
| Sonona (2004) | 71 | 43 | 61 | 35 |
| Shuruti (2004) | 54 | 39 | 21 | 4 |

Isome kwa mlalo, usiisome kwa wima. Katika hofu na sonona, "kufanikiwa" ni kuimarika kwa kiasi kikubwa. Katika ugonjwa wa shuruti, ambao nitaueleza hapa chini, ni dalili kwisha au kubaki kidogo sana, kipimo kigumu zaidi. Ndiyo maana namba za mstari wa mwisho ni ndogo.

Watu wengi wakiliona jedwali hili husema, basi, vyote viwili, tumemaliza. Hatujamaliza.

*Hofu.* Utafiti wa 2008 ulikuwa na washiriki 488 wa miaka 7 hadi 17. Mazungumzo peke yake na setralini peke yake vilikwenda sambamba. Tofauti ya 60 na 55 ni ndogo mno kuijengea uamuzi. Kwa mtoto ambaye bado anakwenda shule japo kwa kusukumwa, mimi huanza na mazungumzo, kwa sababu ujuzi wa ngazi anabaki nao baada ya vikao kwisha. Kwa aliyekwisha kuacha shule kwa wiki kadhaa, halali, anatapika kila asubuhi, sisubiri: vyote viwili kwa pamoja. Dawa humshusha kutoka tisa hadi sita, na kwenye sita anaweza kupanda ngazi.

Na mtoto akikataa kabisa kuja kwenye vikao? Hapa mafunzo ya mzazi yana nafasi ambayo wengi hawaijui. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliandaa programu ya wazazi pekee, mtoto haji hata siku moja. Mzazi hujifunza kuacha, hatua kwa hatua, yale anayoyafanya ili kumkinga mtoto na hofu: kulala naye, kujibu maswali yale yale mara ishirini, kumsemea mbele ya watu. Mwaka 2020 walichapisha ulinganisho wa watoto 124, na njia hiyo haikuzidiwa na tiba ya mazungumzo ya mtoto mwenyewe.

*Shuruti.* Huu ni ugonjwa wa mawazo yasiyotoka kichwani na vitendo vya kuyatuliza: kunawa mikono hadi ngozi inachubuka, kurudi kuangalia mlango mara kumi na tano, kumwomba mama aseme "hakuna kitakachotokea" kwa maneno yale yale na sauti ile ile. Mazungumzo hapa ni ya aina maalumu: mtoto anagusa kitasa anachokiogopa, kisha hanawi. Utafiti ulikuwa mdogo, washiriki 112, lakini picha iko wazi. Dawa peke yake ndiyo chaguo langu la mwisho kati ya yale matatu, na ninalichagua tu pale mtaalamu wa mazoezi hayo hapatikani.

*Sonona.* Hapa ndipo wazazi hulala macho, na nitakaa kidogo.

Utafiti wa 2004 ulikuwa wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, wenye sonona ya wastani hadi kali. Kwa wiki 12 fluoksetini iliyashinda mazungumzo waziwazi. Lakini walifuatiliwa hadi wiki ya 36, na huko mazungumzo yalikuwa yameifikia dawa: 81 kwa 81, na vyote viwili 86. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: kijana huyu anaweza kusubiri? Asiyekula, asiyeamka, anayesema heri asingezaliwa, hana miezi ya kusubiri. Aliyepoteza furaha lakini bado anazungumza na rafiki mmoja, anaweza kuanza na mazungumzo, akafuatiliwa kila wiki.

Kisha kuna onyo. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru dawa zote za sonona ziwekwe onyo kali ndani ya fremu nyeusi, na mwaka 2007 ikalipanua hadi kwa vijana wa miaka 24. Sababu: katika majaribio 24 yaliyokusanywa pamoja, mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilijitokeza kwa watoto na vijana 4 kati ya 100 waliopewa dawa, na 2 kati ya 100 waliopewa kidonge tupu. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Wengine wakisoma namba hizo hutupa dawa chooni. Wengine huficha onyo ili mzazi asiogope. Yote mawili ni makosa. Onyo linatuambia namna ya kuitumia dawa: anza na dozi ndogo, mwone kijana kila wiki kwa wiki za mwanzo, na ukiona ghafla hatulii, halali, anachacharika au ana ukali usio wake, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na katika utafiti ule wa vijana 439, hadi wiki ya 36 matukio ya kujiua, yaani mawazo na majaribio, yalikuwa karibu 15 kwa kila 100 wa dawa peke yake, 8 kwa waliopata vyote viwili, 6 kwa mazungumzo peke yake. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kutopenda kijana apewe kidonge bila mtu wa kuzungumza naye.

Kwa mtoto wa miaka 12 au chini yake, nakwenda taratibu zaidi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haitaki watoa huduma wasio mabingwa wawape watoto hao dawa za sonona. Bingwa anaweza kuona sababu. Wewe uliza ni ipi.

ADHD: hapa umri ndio mwamuzi

Kama mtoto hajafika miaka 6, tiba ya kwanza ni mafunzo ya mzazi. Hivyo ndivyo unavyosema mwongozo wa 2019 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na nakubaliana nao kwa moyo wote. Akifika 6, mwongozo huo huo unaweka dawa na mafunzo pamoja.

Kwa nini ubadilike? Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 579, wa miaka 7 hadi 9, waliofuatiliwa miezi 14. Dawa iliyosimamiwa kwa uangalifu ilishinda mafunzo peke yake katika dalili zenyewe: kutotulia, kutozingatia, kukurupuka. Kuongeza mafunzo hakukupunguza dalili hizo kwa kiasi kikubwa zaidi. Lakini waliopata vyote viwili walikuwa na ukaidi mdogo na waliishi vizuri zaidi na wazazi wao, huku wakitumia dozi ndogo zaidi, wastani wa miligramu 31 kwa siku badala ya 38. Baada ya miaka mitatu tofauti za makundi zilikuwa zimefifia, na wengi kufikia hapo walikuwa wameshabadili au kuacha tiba waliyoanza nayo. Mimi nalisoma hivi: dawa hufanya kazi siku inapotumika. Haimjengi mtoto kwa ajili ya siku ambayo haitumiki.

Maudhi yake yanajulikana. Hamu ya kula hupungua, hasa mchana. Usingizi huchelewa. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kidogo, na urefu unaweza kupungua kidogo kuliko ambavyo ungekuwa. Ndiyo maana mtoto apimwe uzito, urefu na presha kila anapokuja. Kliniki isiyompima, mdai. Chakula kikubwa kiwe asubuhi kabla ya kidonge na jioni dawa ikishakatika.

Mzazi akiniambia "dawa imempoza, amekuwa kama sanamu", simwambii avumilie. Mtoto aliyepoteza ucheshi wake huenda amepewa dozi kubwa kuliko anayohitaji, au dawa isiyomfaa.

Ukaidi na ukorofi uliopindukia

Hapa sina maneno mengi: mafunzo ya mzazi, mapema iwezekanavyo. Hakuna kidonge cha heshima. Kwa kijana mkubwa anayeiba, anayepigana, anayetoroka, kinachosaidia ni kazi inayoigusa familia nzima, shule na marafiki kwa pamoja. Kumkalisha peke yake na mnasihi saa moja kwa wiki hakubadilishi mengi. Chunguza pia kilichojificha nyuma yake, maana ADHD isiyotibiwa au shida ya kusoma huvaa sura ya ukorofi.

Watoto wenye usonji (kwa Kiingereza autism) wakati mwingine hupewa risperidoni, mojawapo ya dawa za saikosisi. Marekani iliiruhusu mwaka 2006 kwa hasira kali na kujiumiza kwa wenye usonji wa miaka 5 hadi 16. Haitibu usonji. Huongeza uzito haraka, na sukari na mafuta ya damu lazima vipimwe. Kabla ya kuikubali, uliza kama mtoto anaumwa jino, sikio au tumbo na hana maneno ya kusema.

Magonjwa mawili ambayo sisubiri

Kijana anayesikia sauti, anayeamini watu wanamfuatilia, anayezungumza maneno yasiyoshikana, ana dalili za saikosisi. Dawa iwepo tangu mwanzo, na iende pamoja na mazungumzo, elimu kwa familia na msaada wa kurudi shuleni au kazini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 uliwafuata watu 404 waliokuwa katika saikosisi ya kwanza, wengi wao vijana. Nusu yao walikuwa wamekaa na dalili wiki 74 au zaidi kabla ya kupata tiba. Waliopewa huduma hiyo ya pamoja waliimarika zaidi ya waliopewa tiba ya kawaida, na walionufaika zaidi ni wale waliofika mapema. Familia nyingi huzunguka kwanza kwa waombezi. Ombeni, na mje kliniki wiki hiyo hiyo. Baipola kali, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, pia iko hapa: mazungumzo peke yake hayamshushi kijana ambaye hajalala siku nne na anatangaza kwamba ana ujumbe kwa dunia.

Pili ni anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Hapa dawa haina kazi kubwa, na mazungumzo ya kijana peke yake yanazidiwa na wazazi wanaoketi naye mezani. Tiba ya familia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi usukani wa chakula kwa muda, kisha huurudisha kwa kijana kidogo kidogo. Katika ulinganisho wa 2010 wa vijana 121, mwaka mmoja baada ya tiba, 49 kwa kila 100 walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya 23 waliotibiwa peke yao.

Akishavuka miaka 18

Sasa mwenye kuchagua ni yeye. Wazazi huumia hapa, na ninawaelewa. Mtoto uliyempa kidonge kwa mkono wako jana, leo daktari hakuambii kitu bila ruhusa yake. Usimvizie. Mwombe akubali mambo mawili tu: kukutajia jina la dawa anayotumia, na kukuruhusu upige simu kliniki ukiona hali imebadilika. Wengi hukubali wakiombwa hivyo. Mwulize pia anapendelea njia ipi, na umsikilize. Tiba anayoiamini ataifuata. Ile aliyolazimishwa itabaki kwenye droo.

Chaguo lako lisipopatikana

Najua mtaalamu wa mazungumzo hapatikani kila mahali, na foleni huwa ndefu. Kama kilichopo ni dawa tu na ugonjwa ni mkali, ianze, huku ukiendelea kutafuta mazungumzo. Kama ugonjwa ni mwepesi, kukosa mtaalamu si sababu ya kukimbilia dawa: vikao kwa njia ya simu au intaneti vipo, na kwa hofu mzazi anayeongozwa na mtaalamu anaweza kuisimamia ngazi mwenyewe. Ukimpata wa mazungumzo, mwulize swali moja: "Mtoto atafanya mazoezi gani nyumbani wiki hii?" Akikosa jibu, anatoa faraja. Faraja ni njema, lakini haimo kwenye jedwali.

Na kabla ya kuanza chochote, andika mambo matatu yanayohesabika, pamoja na tarehe. Usiandike "awe na furaha". Andika: siku ngapi amekwenda shule, saa ngapi amelala, mara ngapi amenawa. Wiki ya nane rudi kwenye karatasi. Bila namba utakumbuka siku mbaya tu, au nzuri tu.

Jambo moja halingoji karatasi: kijana akisema anataka kufa, au ukihisi hivyo. Mwulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, funga dawa zote za nyumbani, sumu na kila cha kujidhuru, na umpeleke hospitali siku hiyo.

Yule mama wa mlangoni wiki iliyopita alikuwa na mvulana wa miaka kumi, hofu ya kutengana naye, shule anakwenda siku mbili kati ya tano. Nilimwambia angekuwa wangu ningeanza na ngazi, ningeacha kulala chumbani kwake kidato baada ya kidato, na wiki ya nane shule isipofika siku nne, ningekubali dawa iongezwe bila kujilaumu. Aliachia kitasa, akarudi kuketi, akaigeuza karatasi ya kliniki upande mweupe. "Nitajie hiyo tarehe, sista." Nikamtajia. Aliiandika, akaizungushia duara, na chini yake akaandika: shule, siku 2.